Juma Habishi

Bagamoyo hakuna mtu asiyejua hesabu. Nina hakika na hilo kwa sababu zote zinapigwa mfukoni mwangu. Bodaboda wa stendi akiniona na kikapu, jua la saa saba na goti linalogoma, anajumlisha vitu hivyo vitatu na kupata elfu mbili, pale ambapo kijana wa watu analipa buku. Muuza nyanya wa Magomeni anapanga fungu lake mpaka nyanya tano zinaonekana saba, na hilo ni somo la maumbo ambalo sijaona likifundishwa chuo chochote. Konda wa gari la Makumbusho anakusanya nauli za watu waliopandia Bunju, Mapinga na Kerege, kila mmoja na bei yake, huku mguu mmoja uko hewani, na hakosei. Akikosea, basi kosa lenyewe huwa limeangukia upande wake.

Mji wa namna hii, kila mwaka matokeo yakitoka, unaambiwa watoto wake hawajui hesabu. Na si mji huu peke yake. Hisabati ndilo somo linaloburuta mkia nchi nzima kwenye mtihani wa kidato cha nne, mwaka nenda mwaka rudi. Wanaoanguka wanawazidi kwa mbali wanaopita. Matokeo yakitangazwa tu, maneno yanaanza. Mmoja atasema watoto wa siku hizi ni simu. Mwingine, aghalabu mtu wa kuja, atasema watoto wa pwani akili yao yote iko kwenye ngoma na kashata. Atasema hivyo huku ameshika chenji aliyorudishiwa na mtoto wa pwani wa miaka kumi, pungufu ya mia mbili, na hajagundua.

Mimi nina maelezo yangu, na kwa kuwa hakuna aliyeniuliza, nitayatoa.

Nendeni kwanza soko la samaki asubuhi, vyombo vinapofika. Tenga la vibua linatuliwa chini. Dalali anaanza: arobaini, arobaini, arobaini na mbili. Mama mkaanga samaki amesimama pembeni, mikono kiunoni, kama mtu aliyepita kusalimia tu. Kichwa kwa kichwa hahesabu. Anatazama tabaka la juu, anaona vibua kama kumi na vitano. Anapima kina cha tenga kwa kiganja, anapata matabaka kumi. Mia na hamsini. Akishakaanga atauza mia tano kimoja, elfu sabini na tano. Mafuta lita mbili, elfu kumi. Kuni elfu tatu, usafiri elfu mbili. Zimebaki sitini. Kumi ni zake mwenyewe, maana hakuamka saa kumi alfajiri kuja kupunga upepo. Kwa hiyo mwisho wake hamsini. Dalali akitamka hamsini na moja, mama amekwishageuza mgongo. Ujazo, kuzidisha, kutoa, gharama na faida, vyote vimefanyika dalali alipokuwa akivuta pumzi, na hakuna aliyetoa kalamu.

Lakini kuna kilichotangulia. Kabla bei haijapanda, yule mama alitamka kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye ngalawa kwamba tenga lile limejazwa majani chini. Dalali akaapa kwa mzee wake. Mama akamwambia, haya, mimina tuone. Dalali hakumimina, alishusha elfu tatu. Hapo ndipo yalipo maelezo yangu. Hesabu za mji huu zinaishi ndani ya ubishi. Mtu anatoa namba, mwenziwe anaikataa, na wa kwanza analazimika kuonyesha alikoitoa. Pasipo ubishi sisi watu wa pwani hatuhesabu. Tunakadiria, na tukichoka kukadiria tunamwachia Mungu.

Mchana wake mabaharia wanakaa kivulini kugawana. Kwanza yanatolewa mafuta na chakula. Kinachobaki kinakatwa mafungu: fungu la chombo, la nyavu, la mashine, la nahodha, na la kila aliyevuta kamba. Mapatano ya chombo hiki siyo ya kile, na kijana aliyeishia darasa la nne atakutajia fungu lake mpaka shilingi ya mwisho, kisha la mwenzake, kisha atasema kwamba mafuta yanayodaiwa kuwa lita arobaini hayakuzidi thelathini, kwa sababu yeye ndiye aliyebeba dumu. Tajiri atakohoa kidogo. Hesabu itarudiwa.

Nyumbani ninaye mpwa wangu, mtoto wa dada, yuko darasa la tano. Jioni anauza madafu kwa wageni wanaokuja kutazama magofu na kupigwa jua. Dafu moja elfu moja na mia tano. Mgeni akitaka saba, kijana hafikirii hata: mawili elfu tatu, sita elfu tisa, ongeza moja, elfu kumi na mia tano, karibu tena. Usiku wa siku moja kama hiyo nilimkuta na daftari, swali ni 1,500 mara 7, na jibu lake ni 7,500. Alizidisha tano kwa saba akapata thelathini na tano, akaandika tano, tatu ya kupandisha akaiacha njiani.

"Mpwa wangu, jioni madafu saba ulisema elfu kumi na mia tano. Hapa elfu tatu zimekwenda wapi?"

"Ile ya madafu, mjomba. Hii ya mwalimu."

"Tofauti yake nini?"

"Pale ningetaja elfu saba na mia tano mgeni angelipa haraka haraka, ningeshtuka. Hapa nani atanishtua?"

Sikuwa na jibu, nikamtuma akaniletee maji.

Msidhani ni mpwa wangu peke yake. Huko Recife, Brazili, watafiti watatu, Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann, waliwafuata watoto wanaouza sokoni wakajifanya wateja, na mwaka 1985 wakatoa matokeo. Mtoto wa miaka 12 aliulizwa nazi kumi ni kiasi gani, moja ikiwa cruzeiro 35. Shule ingemwambia ongeza sifuri umalize. Yeye alijua nazi tatu ni 105, kwa hiyo akapanda kwa tatutatu: 210, 315, akaongeza moja iliyobaki, 350. Mbele ya mteja watoto wale walipata asilimia 98 ya hesabu walizoulizwa. Hesabu za aina ileile zilipoandikwa kavu kwenye karatasi, walipata 37. Zilipozungushiwa hadithi kidogo, 74. Wenzetu hao hawajawahi kula kashata ya Bagamoyo.

Hizo hadithi zenyewe ndizo zinazonigombanisha na Juma. Juma wa kitabuni ananunua machungwa tangu mimi navaa kaptura. Hajawahi kuuliza mbona chungwa hili limelainika. Hajawahi kuomba nyongeza. Anatajiwa bei, analipa, anahesabu chenji, anakwenda zake. Juma huyo angekuja Bagamoyo angefilisika kabla ya adhuhuri, na kesho yake mama yake angemtuma mdogo wake. Halafu kuna lile bomba linalojaza tangi kwa saa tatu, na jingine kwa saa sita. Yakifunguliwa yote mawili, tangi litajaa kwa saa ngapi? Mpwa wangu alinyoosha mkono darasani akauliza: "Maji yametoka?" Swali la maana kabisa kwa mtoto wa mtaa wetu, ambako madumu yanajua njia ya kisimani yenyewe. Akaambiwa asilete ujuaji. Jibu la kitabu ni saa mbili. Mtaani kwetu jibu linaanzia siku mbili.

Angalieni basi tunavyowachanganya. Mtoto akimbishia dalali tunamwita mjanja na kumpa hela ya kwenda dukani. Akiubishia ubao anaitwa mjuaji, na mjuaji ana fimbo yake. Saa nne asubuhi somo limekwishamwingia: nje ya geti namba ni kitu cha kupigania, ndani ya geti namba ni kitu cha kutii.

Utii huu una historia, na mimi napenda kujua nani wa kulaumiwa. Oktoba 1957 Warusi walirusha setilaiti yao ya Sputnik. Wamarekani wakashtuka, wakaona watoto wao wameachwa nyuma, wakaikumbatia hisabati mpya yenye seti na mabano. Mwaka 1962 wataalamu wa Kimarekani, Kiingereza na Kiafrika wakakutana kwenye warsha Entebbe, Uganda, wakaanza kuandika vitabu vya hisabati hiyo kwa ajili ya Afrika, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoshiriki. Mwisho wa mnyororo huo, huku pwani, alikuwapo mjomba wangu mimi akichapwa kwa kutojua seti tupu ni nini. "Ni tenga baada ya mnada," alijibu. Mpaka leo sijaona kosa lake. Kenya iliitupa nje hisabati hiyo mwaka 1981; kwetu imebaki kwa wazee waliochapwa, ambao ukiwatajia neno seti wanajishika makalio.

Mambo hayohayo yalipofika Liberia, John Gay, aliyekuwa akifundisha kule, na mwanasaikolojia Michael Cole walitaka kujua kwa nini watoto wa Wakpelle wanashindwa. Kitabu chao kilitoka mwaka 1967. Walifanya jambo ambalo mtu yeyote wa sokoni angelifanya: walitia mchele kwenye bakuli wakauliza, humu mna vikombe vingapi? Wakulima wa Kikpelle, wengine hawajawahi kukanyaga darasa, walikisia karibu sawasawa. Wamarekani waliosoma walipotea mbali. Nilipomsimulia muuza mchele wangu habari hii alisimamisha kibaba hewani akaniuliza hao Wamarekani wanakuja lini.

Wala msiniambie ubishi wa hesabu ni mambo ya wauza samaki. Kila Ramadhani ikielekea ukingoni, barazani kwetu unazuka mjadala wa fitri: pishi ni kilo mbili na nusu au kilo tatu? Wazee wanaleta mizani, vijana wanaleta simu, na jirani mmoja kila mwaka analeta pishi ya marehemu bibi yake, imepasuka. Lakini kilele ni mirathi. Ile aljebra inayowatoa jasho watoto wa sekondari, Muhammad bin Musa al-Khwarizmi alipoiandikia kitabu chake kule Baghdad katika karne ya 9, sehemu kubwa ya kitabu aliitenga kwa wasia na mirathi. Alijua watu watahesabu vizuri pale penye shamba la marehemu.

Sheikh wetu wa mtaani aliwahi kutupa mfano chini ya mwembe. Mtu amefariki, ameacha mke, mabinti wawili, baba, mama, na minazi 24. Mke ana thumuni yake kwa kuwa watoto wapo: minazi mitatu. Mabinti wawili wana theluthi mbili: kumi na sita. Baba sudusi, minne. Mama sudusi, minne. Jumlisheni. Kikapita kimya, kisha kishindo. Ishirini na saba! Minazi ni ishirini na minne, mafungu ishirini na saba, na kila fungu limetajwa, hakuna wa kumnyima. Mmoja akapendekeza mitatu ya jirani, maana jirani mwenyewe yuko Muscat na hajui idadi yake. Mwingine akasema mama mkwe apunguzwe. Mama mkwe wake alikuwa dirishani.

Sheikh akawaacha wabishane mpaka jasho likatoka, ndipo akaeleza. Mali inakatwa mafungu 27 badala ya 24, kila mtu anapungua kwa kadiri ya haki yake, na thumuni ya mke inageuka kuwa moja ya tisa. Masimulizi yanasema Sayyidna Ali aliulizwa swali hilo akiwa juu ya mimbari, akalijibu bila kushuka. Mke basi anapata minazi miwili na theluthi mbili, na kwa kuwa theluthi mbili za mnazi hazipandiki, wakakubaliana wagawane nazi. Pale chini ya mwembe walikuwapo watu walioanguka sehemu tangu darasa la tano. Walikuwa wanakata sehemu za ishirini na saba kwa sababu kila mmoja alikuwa na shangazi yake kichwani.

Tazameni na bao. Kete 64, thelathini na mbili kila upande. Unaanza na kumi ubaoni na ishirini na mbili mkononi, na kila ukinamua mlolongo wa kete unaweza kuzunguka mpaka ukasahau ulikotoka. Mabingwa hawasahau. Alex de Voogt, Mholanzi, alikaa na mabingwa wa Zanzibar akaandika utafiti mzima, mwaka 1995, kuhusu umbali ambao akili zao zinaweza kufika. Kwetu kuna mwalimu mmoja wa hisabati, simtaji, karibu kila jioni anafungwa na hamali ambaye shule aliikimbia. Kinachonifurahisha zaidi ni watazamaji. Ukidondosha kete moja shimo lisilo lake, mikono kumi inakushika mkono, na kila mmoja anakuhesabia upya kuanzia kwenye nyumba. Mwalimu wetu pale hapingi kusahihishwa, wala hamwiti mtu mjuaji.

Wenye nia njema wameliona pengo hili zamani. Paulus Gerdes, aliyefariki mwaka 2014, alitumia maisha yake Msumbiji akionyesha hisabati iliyomo kwenye ususi na ujenzi. Aliwatazama wakulima wanavyopima msingi wa nyumba: wanachukua kamba mbili za urefu mmoja, wanazifunga pamoja katikati, wanavuta ncha nne, na kona zinatoka zenyewe. Wengine wangepiga picha wakaondoka. Yeye aliuliza: kwa nini lazima zitoke? Hapo mwanafunzi ana kazi, maana atabisha, atajaribu kamba zisizolingana, atapata nyumba iliyopinda, atakubali.

Ninaowalalamikia ni walioiga picha wakaliacha swali. Utaona kitabu kipya kina mtumbwi kwenye jalada. Ndani, machungwa yamegeuzwa changu, duka limegeuzwa genge, na Juma amevalishwa kanzu. Habishi vilevile. Changu kumi kwa bei moja, wakubwa kwa wadogo, kanunua bila kufunua mashavu kuangalia wekundu. Kuivisha hesabu kanga hakumfanyi mtoto aimiliki. Mpeni changu na bei ya kuudhi, mwambieni amkatalie muuzaji kwa sababu zenye namba. Atawapa aljebra.

Nisiwe dhalimu kwa walimu. Wengine wanakabili darasa ambalo watoto wa mwisho wamekaa dirishani, na muhtasari wa kumaliza kabla ya mtihani. Ukiwaruhusu watoto themanini wa Bagamoyo wabishe kuhusu swali moja, utalimaliza Idd Pili. Na mtihani nao hautaki maneno. Mwaka 2012 Hisabati ya darasa la saba iligeuzwa kuwa ya kuchagua herufi na kusiliba kijiduara. Baadaye yakarudishwa maswali machache ya kuonyesha njia. Kijiduara hakiulizi umekitoa wapi. Ukibahatisha, kinakupongeza sawasawa na aliyehesabu. Dalali hawezi kufanya upuuzi huo hata siku moja.

Na aliyenusurika na vijiduara, akiingia kidato cha kwanza anakuta lugha imebadilishwa. Miaka saba amejifunza Hisabati kwa Kiswahili, lugha ambayo anaweza kumkatalia nayo baba mkwe. Sasa inakuja kwa Kiingereza. Mtoto aliyekuwa akipinga bei ya dafu kwa hoja tatu anabaki na maneno mawili: ndiyo, mwalimu. Anaweza kunakili, na ananakili vizuri sana. Kubisha hawezi, maana ubishi unataka ulimi ulio nyumbani. Tunashangaa kidato cha nne amenyamaza na karatasi imenyamaza.

Haya yote nilikusudia kuyasema kwenye kikao cha wazazi cha shule moja ya hapa, jina nalihifadhi. Agenda ya kwanza ilikuwa kushuka kwa Hisabati. Mwalimu wa taaluma akasoma wastani, na wastani ulikuwa wa kusomwa kwa sauti ya chini. Mwenyekiti akauliza, maoni? Ukumbi ukawa kimya. Mama wa vibua, ambaye wajukuu wake wawili wako pale, alikuwa anakagua kucha za miguu. Hamali wa bao alikuwa amesinzia. Nikanyoosha mkono, hotuba iko tayari, lakini mzazi mmoja akaniwahi kusema walimu waongeze bidii na wazazi tuwaombee dua. Ikapitishwa kwa makofi. Dakika nne, pamoja na makofi.

Agenda ya pili: mchango wa chakula cha mchana, shilingi 24,000 kwa mtoto kwa muhula.

Akasimama mama ntilie. "Mwenyekiti, mimi makande ndiyo yaliyosomesha watoto wangu. Kilo ya mahindi ya kukoboa elfu moja. Robo ya maharage mia saba na hamsini. Kuni, chumvi na kitunguu wekeni mia mbili na hamsini. Elfu mbili hizo. Natoa sahani kumi za mtoto, kila moja mia mbili. Siku za masomo muhula huu tisini. Kumi na nane elfu. Nauliza kwa heshima: hizi elfu sita zinakula nini?"

"Elfu sita kwa watoto mia nane," akasema mama wa vibua, macho bado kwenye kucha, "milioni nne na laki nane." Mhasibu wa kamati alikuwa bado anatafuta kikokotoo kwenye simu.

Mwenyekiti akasema kuna wapishi. Wangapi? Wawili. Mshahara? Laki na nusu kwa mwezi. Hamali akaamka: "Miezi minne, milioni moja na laki mbili. Gawa kwa mia nane, elfu moja na mia tano kwa mtoto. Tuko kumi na tisa na mia tano. Endelea, mwenyekiti." Babu mmoja akakumbusha kwamba Ramadhani iko ndani ya muhula, siku za masomo ishirini na mbili, kwa hiyo ondoeni elfu nne na mia nne. Mama wa kanisani akasema wake hawafungi, wanakula. Mwingine akasema darasa la kwanza hawafungi, na wa darasa la nne wanafunga mpaka adhuhuri halafu wanakula maradufu. Ukumbi ukawaka. Ndipo bibi mmoja wa nyuma kabisa, mwenye fimbo ya kutembelea, akasema: "Ninyi mnahesabu watoto. Hesabuni sahani." Pakatulia. Lilikuwa wazo zuri kuliko yote, na kila mtu alilijua.

Mwalimu wa hisabati alikuwa amekwisha kusimama. Alichukua chaki bila kuitwa, akaanza kuandika ubaoni kila hesabu na mwenyewe: ya mama ntilie hapa, ya hamali pale, sahani za bibi katikati. Uso wake sijauona hivyo tangu nimfahamu, hata siku chache alizoshinda bao. Akageuka, chaki mpaka kwenye nyusi, akaomba kila mzazi aje mbele aonyeshe njia yake, kisha wenzake wampinge.

Mwenyekiti akatazama saa. "Mwalimu, rudi ukae," akasema. "Agenda ya hisabati tulishaifunga."